Gari zito kwenye pedali: kitufe cha SPORT, kisanduku cha pedali au programu mpya?

Unakanyaga mafuta, gari linafikiria kwanza, halafu ndiyo linaondoka. Mwenye Golf GTI analalamikia hilo, mwenye Crown Athlete analalamikia hilo, na mwenye Forester ya turbo analalamika kuliko wote, hasa akishaipandisha Kitonga kutoka Dar es Salaam kuja huku juu. Gerejini atapewa ushauri wa aina tatu: tumia kitufe cha SPORT ulichonacho, funga kisanduku cha pedali (kifaa kidogo kinachokuza ombi la mguu wako), au likaandikiwe programu mpya kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kila mshauri ana uhakika na lake, na mara nyingi lake ndilo analouza.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo katikati na anayeendesha Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe au Mbeya. Majibu ya mtu wa Masaki, Dar es Salaam, hayamtoshi, kwa sababu huku kuna mwinuko, kuna ukungu, kuna mvua za Rungwe, na kuna malori ya Tunduma yanayopanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Pedali inafanya nini hasa

Zamani kebo ilitoka kwenye pedali ikaenda moja kwa moja kwenye throto, mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Mguu ukishuka, kilango cha hewa kinafunguka. Siku hizi pedali ina sensa mbili zinazopeleka volti kwenye kontroli boksi. Kontroli boksi inaangalia volti hizo pamoja na mzunguko wa injini, gia na joto, kisha inaiagiza mota ndogo ifungue kilango kwa kiasi itakachoona kinafaa. BMW walikuwa na mfumo wa namna hii kwenye 750iL tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 magari mengi mapya ya mwendo yalikuwa nao. Kwa hiyo mguu wako haufungui kitu. Unaomba.

Kati ya ombi na kilango, mtengenezaji ameweka ulaini wa makusudi. Mwanzo wa pedali umelegezwa ili gari lisiruke kwenye foleni, na ufunguaji wa ghafla unacheleweshwa kidogo ili giaboksi na shafti zisipigwe mshtuko, na pia moshi uwe safi. Ulaini huo ndio unaoweza kuubadilisha. Mambo mengine yanayolifanya gari lionekane zito yako nje ya pedali kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela.

Kubwa kati ya hayo kwetu ni hewa. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Chomeka kisomeo cha OBD, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ukiwa Dar, mgandamizo wa hewa ya nje utasomeka karibu kilopaskali 101. Soma tena ukiwa Uyole, hapo Mbeya, utakuta karibu 82. Hiyo ni pungufu ya karibu asilimia 19, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu inayokaribia kiasi hicho ikikanyagwa hadi mwisho, ingawa baridi ya huku inarudisha kidogo. Turbo inasaidia kwa kuwa inasukuma hewa yenyewe, lakini nayo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikia busti (msukumo wa hewa) ileile, kwa hiyo inachelewa kuamka. Subaru wameweka hata jedwali linalopunguza shabaha ya busti mgandamizo wa nje ukishuka, ili turbo isizungushwe kupita uwezo wake. Hewa iliyopotea namna hiyo haifidiwi na pedali, uibane unavyotaka.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: kwenye mzunguko wa 1,500 injini inameza hewa kidogo tu, na kilango kikifunguka kama robo, tayari imepata karibu yote inayoweza kuimeza. Kukifungua zaidi hapo hakuleti kitu. Ndiyo maana pedali kali sana humfurahisha mtu akiwa mjini: nguvu yote ya mzunguko wa chini imesogezwa kwenye sentimita chache za mwanzo, halafu sehemu kubwa ya pedali iliyobaki inakuwa ya urembo.

Pima kabla ya kununua

Tafuta barabara tambarare isiyo na watu. Kipande cha Igawa hadi Chimala kina sehemu nzuri, ukiheshimu vibao vya vijiji. Weka gia ya tatu kwa mkono, injini ikiwa kwenye mzunguko wa 3,000, kisha kanyaga nusu. Ikiitikia papo hapo, injini ni nzima, na kinachokuchosha ni ulaini wa mwanzo wa pedali au giaboksi inayojishauri kabla ya kushusha gia. Ikisita kidogo halafu mvuto ukapanda pamoja na mshale wa busti, hiyo ni turbo. Ikikwamakwama au kukohoa, huo ni ubovu: koili, plagi, filta ya hewa, sensa ya hewa au throto iliyojaa masizi. Mwenye ubovu aache kusoma hapa aende akatengeneze kwanza. Vumbi la barabara za vijijini Chunya na Makete linajaza filta haraka kuliko kitabu cha gari kinavyodhani.

Ukitaka kuona kwa namba, kisomeo cha bei ndogo kinachounganishwa na simu kinatosha. Kwenye orodha ya OBD, namba 49 na 4A ni pedali, 4C ni kilango kinavyoagizwa, na 11 ni kilango kilivyo. Pedali ikipanda na agizo likabaki nyuma, ni programu. Agizo likipanda na kilango kikachelewa, ni throto yenyewe. Vyote vitatu vikienda pamoja na bado gari limelala, iache pedali, tafuta hewa, moto wa plagi au gia.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale sita: inabadilisha nini, inasaidiaje mlimani, ikoje barabara ikiteleza, ikiharibika inakuacha wapi, inakula kiasi gani mfukoni, na inamfaa nani. Uzito wa kila kigezo si sawa kwa kila njia, kwa hiyo utaona mahali nimekaa sana na mahali nimepita.

Njia ya kwanza: hali za gari lenyewe, pamoja na usafi

*Inabadilisha nini.* Magari mengi ya aina hii yameshakuja na zaidi ya ramani moja ya pedali. Subaru zenye SI-Drive zina Intelligent, Sport na Sport Sharp. Crown na Mark X nyingi zina PWR (hali ya nguvu) na SNOW (hali ya theluji). Golf GTI ya kizazi cha saba ina chaguo la hali za uendeshaji, na giaboksi yake ya otomatiki, DSG, ina hali yake ya S. Ukibonyeza, kontroli boksi inahamia kwenye jedwali lililoandikwa na mtengenezaji mwenyewe, na kwenye gari la otomatiki giaboksi nayo hubadilisha namna ya kupanga gia. Nimeshangaa mara nyingi kukuta mtu anatafuta kisanduku huku Legacy yake imeachwa kwenye Intelligent tangu ilipotoka bandarini. Kwenye Subaru za turbo hali hiyo hupunguza hata nguvu yenyewe.

Usafi ni nusu ya njia hii. Masizi yakijaa kuzunguka kilango, mwanzo wa pedali unakuwa mzito au wa kushtuka. Zima gari kabisa, fungua bomba la hewa, tumia dawa ya throto na kitambaa laini, na usilazimishe kilango kwa kidole umeme ukiwa umewashwa, utaua gia ndogo za mota. Baada ya hapo gari linahitaji kujifunza upya sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta; Volkswagen hutaka mashine ya fundi iifanyie throto mpangilio mpya.

*Mlimani.* PWR na S hushikilia gia ya chini kwa muda mrefu, na hilo ndilo linalosaidia hasa Kitonga au mlima wa Mbeya kwenda Chunya. Gari haliwi na nguvu zaidi. Linaacha kuhangaika kati ya gia mbili. Kwa gari lisilo na turbo, hapa ndipo kuna tofauti utakayoisikia kweli.

*Barabara ikiteleza.* Njia hii inakwenda pande zote mbili: inaweza kuikaza pedali na inaweza kuilegeza. Kitufe cha SNOW kiliwekwa kwa ajili ya theluji ya Japani, lakini kwenye tope la Makete au lami iliyolowa ukishuka Tukuyu kinafanya kazi vizuri sana: pedali inatulia na tairi za nyuma za Mark X haziponyoki ukitoka kwenye kona. Watu wanakidharau kwa sababu ya jina lake.

*Ikiharibika.* Hakuna kifaa kipya cha kuharibika.

*Mfukoni.* Kopo la dawa, filta, na saa moja ya fundi.

*Inamfaa nani.* Kila mtu kama hatua ya kwanza, na kama hatua ya mwisho kwa mwenye gari la otomatiki lisilo na turbo. Haimtoshi mwenye gari lisilo na hali hizo, wala mtu ambaye SPORT ya kiwandani bado anaiona imepoa.

Njia ya pili: kisanduku cha pedali

*Inabadilisha nini.* Kinakaa kati ya soketi ya pedali na waya unaokwenda kontroli boksi. Kinasoma volti za mguu wako, kinazikuza, kisha kinaidanganya kontroli boksi kwamba umekanyaga zaidi. Majina yanayojulikana ni Sprint Booster, Pedal Commander na PedalBox ya DTE, na kuna nakala nyingi zisizo na jina.

Kuna fundi umeme Mwanjelwa anayewaonyesha wateja jambo hili kwa simu kabla hajapokea hela. Swichi imewashwa, injini imezimwa, kisomeo kiko kwenye soketi chini ya usukani. "Kaka, weka mguu hapo hapo, usiutikise," anamwambia mteja, halafu anapandisha kiwango cha kisanduku. Mguu uko palepale, namba ya pedali inaruka kutoka 24 hadi 41. Kisha anamwomba akanyage hadi kwenye zulia. Kisanduku kikiwa kimezimwa, namba ni fulani. Kikiwashwa, ni hiyohiyo. "Umeona, bosi? Hapo mwisho hakuna cha kuongeza." Baadhi ya wateja huondoka, wengine hununua vilevile kwa sababu hicho ndicho walichotaka, na wote wanaondoka wakijua.

Kisanduku ni kama mpiga debe wa stendi: kinapaza sauti ya ombi lako, hakiongezi siti hata moja ndani ya basi. Hakigusi mafuta, hakigusi busti, hakigusi moto wa plagi. Hata ule ucheleweshaji wa makusudi uliomo ndani ya programu kinaupita kwa kuomba zaidi tu, hakiuondoi.

*Mlimani.* Kwenye otomatiki, giaboksi nayo inapata taarifa ya pedali iliyokuzwa. Kwa hiyo inashusha gia mapema na kuzishikilia zaidi. Ukiwa nyuma ya lori ukisubiri mstari uruhusu, gari linakuwa tayari kwa mguso mdogo, na hilo ni jambo la kweli. Ubaya ni kwamba mguso mdogo huohuo, kwenye mlima mrefu, unaweza kulifanya lipande na kushuka gia bila kutulia, mafuta ya giaboksi yakazidi joto. Kwenye gari la gia za mkono hali ni tofauti: kisanduku kinafanya kile mguu wako ungeweza kufanya kwa kushuka sentimita mbili zaidi. Kama kuchelewa kwako ni kwa turbo, kitakupa sentimita hizo mbili na bado utaisubiri turbo.

*Barabara ikiteleza.* Hapa ndipo kinapohitaji heshima. Pedali kali inaondoa nafasi ya kupima kidogokidogo. Ukungu wa asubuhi kati ya Igawilo na Kiwira, lami imelowa, kona inapinda na kushuka, gari la kuvuta nyuma: kiwango cha juu hapo ni kutafuta shimo la mtaro. Vifaa vizuri vina viwango vingi na kitufe cha kurudi kawaida, vingine vina hata kiwango cha kuilegeza pedali kuliko ya kiwandani. Kama unachokiangalia hakina namna ya kuzimwa haraka ukiwa kwenye usukani, kiache dukani.

*Ikiharibika.* Sensa za pedali ni mbili ili kontroli boksi ilinganishe. Kwenye Volkswagen nyingi ya pili hutoa nusu ya volti ya kwanza. Kwenye Toyota nyingi ya pili hukaa juu ya ya kwanza kwa pengo maalumu. Kisanduku lazima kiigize uhusiano huo bila kukosea. Nakala mbovu au soketi iliyolegea ikiuvuruga, taa ya injini inawaka, msimbo wa P2138 unaandikwa au P2122 na P2127, na gari linaingia hali ya kujilinda: kilango kinabaki wazi kidogo tu na unatembea kwa kujikongoja. Fikiria hilo likikukuta katikati ya Kitonga, ukuta upande mmoja, korongo upande mwingine, malori nyuma. Dawa yake ni kujua jinsi ya kukichomoa na kurudisha soketi ya asili. Jifunze ukiwa nyumbani mchana, na ufunge waya vizuri usining'inie karibu na pedali ya breki.

Angalia pia kama kinafungika. Toyota Aristo yenye injini ya 2JZ ya VVT-i, kwa mfano, ina throto ya umeme lakini bado ina kebo kutoka kwenye pedali hadi kwenye sensa iliyopo juu kwenye throto, kwa hiyo chini ya miguu hakuna soketi ya kuchomeka kitu.

*Mfukoni.* Vyenye majina huuzwa karibu dola 300 huko vinakotoka, kabla ya usafiri. Mafuta hayaongezeki kwa sababu ya kifaa, yanaongezeka kwa sababu ya mguu uliofurahi. Kinatoka kama kilivyoingia, unaweza kukiuza peke yake au kukihamishia gari lingine linalotumia soketi sawa.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari zima kiafya, la otomatiki, ambaye majaribio yamemwonyesha kwamba tatizo ni mwanzo wa pedali, na hataki mtu aguse programu ya injini yake.

Njia ya tatu: programu mpya kwenye kontroli boksi

*Inabadilisha nini.* Kila kitu, au kidogo tu. Inategemea unaomba nini. Hili watu hawalijui. Wengi wanadhani kuandika programu upya maana yake ni busti zaidi na nguvu zaidi. Kwenye Subaru za turbo ambazo faili zake zinafunguka, kuna jedwali linalogeuza pedali kuwa torki (nguvu ya kuzungusha) inayoombwa, na jedwali la pili linalogeuza torki hiyo kuwa ufunguaji wa kilango. Fundi anayejua kazi anaweza kurekebisha hayo mawili peke yake, akaacha busti, mafuta na moto kama kiwanda kilivyoweka. Matokeo ni pedali iliyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho, si iliyokuzwa mwanzoni ikafa baadaye. Kwangu mimi hii ndiyo huduma inayodharauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu haina namba ya farasi ya kujisifia kijiweni.

Programu kamili ni habari nyingine. Huongeza busti, hubadilisha moto, huondoa vizuizi. Golf GTI huitikia sana, Subaru vilevile. Mark X na Crown zisizo na turbo hupata kidogo mno kulinganisha na gharama, na kontroli boksi zake si rahisi kufunguka.

*Mlimani.* Njia hii pekee inaweza kushughulikia turbo na hewa yetu pamoja, na pia ndiyo inayoweza kuumiza zaidi. Faili lililopimwa usawa wa bahari linadhani hewa ni ya kule. Huku juu turbo inazunguka zaidi kutafuta busti ileile, na fundi akiwa amefuta jedwali la fidia ya mgandamizo ili gari liwe kali Dar, turbo ndogo inaweza kusukumwa kupita kiasi Njombe, iliko karibu mita 1,900. Fundi mzuri atakuomba rekodi za safari zilizochukuliwa huku, si Bagamoyo. Kwenye Subaru mwombe akuonyeshe kigezo cha kujifunza nokingi: kinatakiwa kubaki 1.0, au 16 kwenye kontroli boksi za zamani. Kikishuka, injini inasikia mlipuko usiofaa na inajirudisha nyuma, hata kama wewe unaona gari linavuta.

Hapo petroli inaingia. Subaru za mwendo zilizotoka Japani zilipangwa kwa petroli ya okteni ya juu ya kwao, inayostahimili zaidi mlipuko huo usiofaa, hivyo hata programu ya kiwandani haina akiba kubwa kwenye petroli ya kawaida. Ukiongeza moto na busti juu yake, halafu siku moja ukajaziwa kutoka kwenye madumu kijijini, unacheza na pistoni. Pedali peke yake haina hatari hiyo kwa kiwango hicho, kwa kuwa mipaka ya injini haijaguswa.

*Barabara ikiteleza.* Inaweza kuwa bora kuliko kisanduku kwa sababu unaweza kuomba hali moja iwe tulivu na nyingine iwe kali. Kwenye Subaru yenye SI-Drive, mwambie fundi aache Intelligent kama ilivyo. Utaishukuru wakati wa masika.

*Ikiharibika.* Hakuna waya wa kulegea. Hatari kubwa ni siku ya kuandika: betri ya gari ikishuka katikati ya kazi, kontroli boksi inaweza kufa. Betri iwe kwenye chaja, na kompyuta iwe na chaji yake yenyewe ili umeme ukikatika kazi isikatike. Dai faili la asili likiwa kwenye flashi yako kabla hajaandika chochote. Fundi anayesema "usijali, ninalo mimi" anakufanya mateka. Akihama mji, umebaki na gari lisilorudi lilikotoka.

*Mfukoni.* Kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote, hasa kama lazima ulishushe gari Dar es Salaam au umlipie fundi nauli na malazi. Haiuziki peke yake.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la turbo anayekusudia kukaa nalo, aliyeshamaliza matengenezo, na mwenye fundi anayerekodi kabla na baada. Anayebadilisha gari kila mwaka atalipia starehe ya mtu mwingine.

Utasikia pia njia ya nne, kufunga throto kubwa zaidi. Kwenye injini ambayo haijabadilishwa, throto ya kiwandani inapitisha hewa ya kutosha tayari. Utakachosikia ni pedali kuwa kali mwanzoni, kwa sababu mlango mpana ukifunguliwa kidogo unapitisha hewa nyingi. Ni kisanduku cha bei mbaya.

Uchague kulingana na hali yako

Gari limetoka Dar wiki hii na unaliona limelegea: usinunue kitu bado. Safisha, badilisha filta, tumia PWR au S, mpe mguu wako muda wa kuzoea hewa ya huku. Ukikanyaga hadi mwisho na bado ni zito kuliko ulivyozoea Dar, ni mwinuko, na hiyo haina soketi.

Una Crown au Mark X ya otomatiki, unapita Kitonga mara kwa mara, PWR haikutoshi: kisanduku chenye jina, kwenye kiwango cha chini au cha kati, kikizimwa mvua inapoanza. Mpango wa programu kwa gari hilo uweke pembeni. Hela hiyo ifanye servisi ya giaboksi.

Una Forester, Legacy au Impreza ya turbo ya gia za mkono: kisanduku hakina mengi ya kukupa. Chagua kati ya kuliacha lilivyo na kurekebishiwa majedwali ya pedali peke yake. Busti zaidi uizungumze pale tu unapojua petroli yako inatoka kituo gani.

Una Golf GTI au R: anza na hali ya Sport na S ya DSG kwa pamoja, kwa sababu kuchelewa kwingi unakokusikia ukiwa kwenye D ni giaboksi kukaa gia ya juu ili kubana mafuta. Ukitaka zaidi ya hapo, magari haya yanafaidika na programu kuliko kisanduku.

Gari lenu linaendeshwa na watu wengi, mke, kijana aliyepata leseni juzi, shemeji anayeazima kwenda Tukuyu: libaki na pedali ya kiwandani, au kisanduku chenye kufuli ya namba ya siri, baadhi wanazo. Programu kali haimuulizi dereva ni nani.

Unakaribia kuliuza: chomoa kisanduku, au rudisha faili la asili, futa misimbo kisha uendeshe siku chache kuona kama inarudi. Mnunuzi wa Mafinga au Makambako atakuja na fundi wake na kisomeo chake, na P2138 ya zamani ikionekana kwenye simu yake itakushushia bei kuliko kisanduku kilivyokugharimu.